Wimbo Mpya Humfikiaje Msikilizaji: Huduma za Burudani za Mtandaoni Afrika Mashariki

Kila huduma ya burudani ya mtandaoni hufanya kazi mbili. Huweka kazi za sanaa mahali ambapo mwenye simu anaweza kuzifikia, na humwonyesha mtu huyo kitu ambacho hakujua kwamba kipo. Kazi ya kwanza imerahisika mno: mamilioni ya nyimbo hukaa kwenye seva, na gharama ya kuongeza mmoja haionekani. Ya pili imezidi kuwa ngumu kwa sababu hiyohiyo. Msikilizaji wa Tandale au Kayole ana saa 24 zilezile alizokuwa nazo babu yake, ilhali nyimbo zinazombishia hodi ni nyingi kuliko atakazoweza kuzisikia maisha yake yote. Idadi ya nyimbo zilizomo kwa hiyo haielezi sana ubora wa huduma mpya. Linaloeleza zaidi ni nani, au ni nini, ndani ya huduma hiyo humwambia mtu: hebu sikiliza hii.

Afrika Mashariki ilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo kabla intaneti haijaingia mitaani. Katika miaka ya 1990 na 2000 Dar es Salaam ilijaa vibanda vya video, vilivyobatizwa vibanda umiza kwa jinsi watazamaji walivyobanana kwenye mabenchi. Kiingilio kilikuwa kidogo, runinga moja, na filamu zilitoka Marekani, Hong Kong, India na Nigeria. Waliokaa mle ndani wengi hawakujua Kiingereza cha filamu, sembuse Kikantoni. Hapo ndipo mtafsiri alipopata riziki yake. Kwa Tanzania jina lililovuma ni la Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Uganda, ambako watu hawa huitwa maveejay na hutumia Kiganda, ina VJ Jingo.

Mtafsiri wa namna hiyo hakufuata maneno ya filamu moja baada ya jingine. Alipunguza sauti ya filamu, akashika kipaza sauti, akampa kila mhusika jina la mtaani, akaeleza mila ya ugenini kwa mfano wa Kariakoo au Gikomba, na pale hadithi ilipopoa akaongeza utani wake mwenyewe. Kanda zake ziliporekodiwa na kuuzwa, kwanza za VHS kisha diski, watu waliulizia jina lake kabla ya jina la filamu. Mwanasheria wa hakimiliki atamwita mwizi, na kisheria hatakuwa amekosea. Lakini katika historia ya burudani ya eneo hili mtafsiri ana nafasi kubwa kuliko waigizaji wengi, maana ndiye aliyepekua lundo la filamu za dunia, akachagua chache, akazikaribisha nyumbani kwa lugha ya nyumbani.

Vituo vya televisheni vilichelewa kulielewa somo hilo, ingawa viliishia kulielewa barabara. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, wahusika wote wakizungumza Kiswahili. Mikasa ya mke kijana na wakwe haikuhitaji maelezo kwa mtazamaji wa Tanzania, na tamthilia ilipendwa hivi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Desemba mwaka huo Azam TV ilianza, na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili baadaye zikawa miongoni mwa vipindi vilivyokusanya familia nzima sebuleni jioni.

Kwa upande wa muziki, kazi hiyo ilifanywa na laibrari. Hiki kilikuwa kibanda chenye kompyuta, spika zilizoelekezwa barabarani na kijana mwenye masikio. Mteja alileta memori kadi au flashi, akataja mtindo anaoupenda, akalipa, akaondoka na nyimbo mamia. Nyingi kati ya hizo hakuziomba kwa jina. Mwenye laibrari ndiye aliyeijaza nafasi iliyobaki, kwa kumpima mteja umri, mtaa na kile alichokitaja. Mfumo wa mapendekezo ulikuwapo tayari, isipokuwa uliendeshwa na binadamu na haukumlipa msanii hata senti.

Mabadiliko ya mtandao yenyewe yalikuja kwa haraka. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi pwani ya Afrika Mashariki, mwaka huohuo TEAMS ukatua Mombasa, na 2010 EASSy ukafuata. Kabla ya hapo mawasiliano ya eneo hili na dunia yalitegemea zaidi setilaiti, njia ya ghali na yenye kuchelewesha. Mikongo ilishusha bei ya jumla ya intaneti, simu za Android za bei nafuu zikaingia sokoni, na malipo madogomadogo yalikuwa yamekwisha kupata njia: M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Mambo hayo matatu yalipokutana, laibrari ilipata mshindani.

Mshindani wa kwanza alikuwa YouTube. Kwa wasanii wa Bongo Fleva, muziki wa kizazi kipya wa Tanzania, huduma hiyo ilivunja mlango uliokuwa na walinzi wawili, mtangazaji wa redio na msambazaji wa Kariakoo. Msanii aliweka video usiku, asubuhi Nairobi, Lubumbashi, Bujumbura na Muscat zimekwisha kuiona. Juni 2020 Diamond Platnumz alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara ambaye video za chaneli yake zimetazamwa mara bilioni 1, jambo ambalo hakuna redio ya Tanzania ingeweza kumpa.

YouTube pia ilileta ubao wa matokeo. Orodha ya video zilizokuwa zikitrendi nchini ilionekana kwa kila mtu, na kushika namba moja kukawa hoja ya mashabiki vijiweni. Hapo kiki ikapata thamani mpya: ugomvi wa kupangwa, mahusiano ya kutangazwa na kuvunjwa, fununu iliyovujishwa siku mbili kabla ya wimbo kutoka. Ni rahisi kulaumu mtindo huo, na lawama nyingine zinastahili. Hata hivyo kiki ni jibu la kawaida kwa hali ambamo umakini wa watu umekuwa haba kuliko nyimbo. Mwaka 2025 YouTube iliondoa ukurasa wake wa video zinazotrendi, kwa maelezo kwamba kila kundi la watazamaji sasa lina yake yanayovuma. Mjadala wa nani namba moja umebaki bila hakimu, wala haujapungua.

Tatizo ambalo YouTube haikulitatua ni bando. Video hula data, na mtu anayejiunga bando la siku hawezi kuupiga mara kumi wimbo uleule kama alivyozoea na memori kadi. Huduma zilizolijua tatizo hili kwa undani ndizo zilizopata wasikilizaji wa mtaani. Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, haikumtaka msikilizaji abaki mtandaoni. Ilimpa faili dogo la MP3 alipakue mara moja na kulisikiliza milele, ikapata fedha kwa matangazo. Kwa maneno mengine, iliiga laibrari, kisha ikaongeza mkataba na msanii. Septemba 2020 hisa zake ziliingia katika soko la Nasdaq First North la Copenhagen, safari ndefu kidogo kwa biashara iliyojengwa juu ya tabia ya kujaza flashi.

Boomplay ilipita njia nyingine. Ilianza Nigeria mwaka 2015, ikisafiri ndani ya simu za Tecno na ndugu zake Infinix na itel, simu ambazo mchuuzi, mwanafunzi na dereva wa bodaboda wanazimudu. Mtu alinunua simu dukani, akaifungua, akakuta programu ya muziki imo tayari. Hakuipakua wala kuitafuta. Mwaka 2018 Boomplay ilitia saini mkataba na Universal Music uliohusu nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na hivyo nyimbo za ng'ambo zikakaa rafu moja na za nyumbani. Spotify, yenye mashine ya mapendekezo inayosifiwa kuliko zote, ilifika Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021 pamoja na masoko mengine mengi kwa mpigo. Ilikuta watu wana mazoea yao.

Njia moja ya kugundua wimbo husahauliwa na waandishi wa teknolojia kwa kuwa haihitaji simu janja: mlio anaousikia mtu anapompigia mwenzake. Skiza ya Safaricom, na huduma kama hizo za kampuni nyingine, zilimfanya kila mwenye laini kuwa kituo kidogo cha redio. Mpigaji alisikia wimbo kabla simu haijapokelewa, na akiupenda angeweza kuuchukua kwa malipo madogo yaliyokatwa kwenye salio. Waimbaji wa injili wa Kenya waliufahamu uwezo wa mlio huo mapema, na namba za kujiunga zikawa zinaandikwa chini ya video zao.

Mashine ya mapendekezo inayotumiwa na huduma kubwa hutegemea mwenendo wa watu. Njia yake ya kwanza ni kulinganisha wasikilizaji. Wawili waliopenda nyimbo 20 zilezile huhesabiwa kuwa na ladha ya karibu, na wimbo wa 21 alioupenda mmoja hupelekwa kwa mwenzake. Njia ya pili ni kuupima wimbo wenyewe: kasi, ala, sauti, maneno yaliyoandikwa kuuhusu. Ya tatu, ambayo imetawala video fupi, ni majaribio. Video huonyeshwa kundi dogo. Wakiitazama hadi mwisho, wakairudia au wakaituma kwa rafiki, huonyeshwa kundi kubwa zaidi, na kuendelea hivyo hadi hamu ichoke.

Kila njia ina upofu wake. Ya kwanza haiwezi kuusaidia wimbo ambao bado hauna msikilizaji, na huwapendelea waliokwisha kupendwa. Ya pili hutegemea jinsi kazi ilivyowekwa alama, na muziki wa Kiswahili umeathirika hapo. Mtindo uleule mmoja huuandika Bongo Flava na mwingine akauandika Bongo Fleva. Taarabu ya Zanzibar yenye fidla na qanuni hutupwa kapu moja na rusha roho, taarabu ya kisasa. Wimbo wenye Sheng, Kiingereza na Kiswahili katika ubeti mmoja huichanganya mashine inayotaka kujua ni lugha gani hasa. Ya tatu ndiyo yenye uadilifu zaidi kwa mgeni, maana haimuulizi ana wafuasi wangapi. Upofu wake ni wa muda: hupima sekunde chache za mwanzo, na muziki mwingi wa pwani haukutungwa kwa sekunde chache. Onyesho la taarabu huanza na bashraf, utangulizi wa ala bila mwimbaji.

TikTok ilitoka China, ikaungana na Musical.ly Agosti 2018 na kuenea duniani ikitumia njia hiyo ya majaribio. Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa na hofu ya korona, Azziad Nasenya wa Kenya alicheza wimbo wa Femi One na Mejja uitwao Utawezana katika video ya sekunde chache. Hakuwa nyota wakati huo. Siku chache baadaye maelfu walikuwa wakiiga hatua zake, na wimbo ukapanda pamoja naye. Tangu hapo menejimenti nyingi za wasanii hazisubiri bahati: chalenji hupangwa kabla wimbo haujatoka, mcheza dansi hulipwa, na mtunzi hutafuta mapema kipande kitakachochezeka.

Mfano wa Kili Paul unafundisha zaidi. Huyu ni kijana wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, Tanzania, ambaye mwaka 2021 yeye na dada yake Neema, wakiwa wamevalia shuka, walianza kurekodi video wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Walioshtuka kwanza hawakuwa Watanzania, walikuwa Wahindi. Februari 2022 ubalozi wa India Dar es Salaam ulimtunuku, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika kipindi chake cha redio. India ilikuwa imeipiga marufuku TikTok tangu Juni 2020, kwa hiyo umaarufu wa Kili kule ulipitia Instagram na mikono ya watu waliozihamisha video kutoka huduma moja kwenda nyingine. Mashine pekee haikutosha, mtu wa kuzipitisha alihitajika.

Wala mapenzi ya Kili kwa nyimbo hizo hayakuzuka hewani. Majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa yalionyesha filamu za Kihindi kwa miongo mingi, watu wakiimba nyimbo zake bila kujua maana ya maneno, na vikundi vya taarabu viliazima tuni zake na kuzivika mashairi ya Kiswahili. Kilichokuwa kipya ni mwelekeo wa safari. Kwa karibu karne nzima filamu za India zilivuka bahari kuja huku. Sasa pwani ilirudisha kitu, nao upande wa pili ukakitazama.

Singeli inaonyesha kugunduliwa kunavyoweza kutokea mara mbili kwa njia mbili zisizojuana. Muziki huu ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati na jirani zake, ukirithi mchiriku na vigodoro, zile ngoma za mkesha wa sherehe zinazofunga mtaa hadi alfajiri. Watengenezaji walikata vipande vya utangulizi wa taarabu, wakavirudiarudia na kuviharakisha hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kwa kompyuta za kawaida na programu zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Nyimbo zilisambaa kwa flashi na bluetooth. Ugunduzi wa kwanza ulikuwa wa ndani: redio EFM, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, iliupa muziki huo muda wa hewani wakati wengi waliuona wa kihuni, na waimbaji kama Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila wakajulikana nchi nzima.

Ugunduzi wa pili ulipitia Kampala. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotokana na studio ya Sisso ya Mburahati, na mashabiki wa muziki wa elektroniki wa Ulaya wakashangaa kusikia kasi ambayo klabu zao hazikuithubutu. Zikafuata albamu za Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na baadaye DJ Travella, na mialiko ya matamasha. Jambo la kuangaliwa ni kwamba singeli mbili hizo hazifanani sana. Dar es Salaam hupenda mwimbaji, vijembe vyake na maneno ya mtaa. Ulaya hupenda mdundo usio na mwimbaji. Mtu anayeingia kwenye huduma ya muziki akiwa Berlin na mwingine akiwa Manzese, wote wakitafuta singeli, huletewa majina tofauti. Mashine imewasoma wote wawili sawasawa, na kwa kufanya hivyo imejenga ukuta baina yao.

Filamu imekwenda polepole zaidi. Netflix ilifungua milango yake Afrika nzima Januari 2016, na Septemba 2021 ikajaribu kuwapa Wakenya wenye simu za Android mpango wa bure. Mpango huo ulifungwa Novemba 2023. Kazi za eneo hili zilizoingia humo ni chache, zikiwemo filamu ya Binti ya Seko Shamte wa Tanzania na tamthilia ya Country Queen ya Kenya ya mwaka 2022. Filamu za Bongo alizozizoea mtazamaji wa DVD wakati wa mwigizaji Steven Kanumba zimehamia zaidi YouTube, zikikatwa vipande vya dakika 20 au 30 na kutolewa kila wiki. Muundo huo umetokana na bando, na waandishi wake wamejifunza kumaliza kila kipande mlango ukigongwa.

Serikali nazo zimeingia katika safari hii ya kugunduliwa, na sheria zao hutofautiana kwa jambo moja lenye uzito: zinamtoza mtu kabla hajagunduliwa au baada yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni kupata leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ada zake zikifika zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwanzo. Chombo chenye mtaji kilimudu. Kijana mwenye simu na wazo alisita. Kanuni zilirekebishwa baadaye na ada zikapunguzwa. Uganda ilimtoza mtazamaji mwenyewe: tangu Julai 2018 alilipa shilingi 200 za Uganda kwa siku ili afungue mitandao ya kijamii, watu wakakimbilia VPN, na 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bando. Kenya, kwa sheria ya fedha ya 2023, iliamua kukata asilimia 5 ya malipo ya mtengeneza maudhui. Kodi ya namna hii haipendwi na wabunifu, lakini angalau humngoja mtu apate kwanza.

Upande wa malipo, tatizo lililobaki kubwa ni la ukarani. Kila rekodi inayosambazwa kidijitali hutambulishwa kwa ISRC, msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaoziwezesha huduma kujua wimbo unaochezwa sasa hivi ni upi na fedha ziende kwa nani. Nyimbo zilizotoka kabla ya 2010, kanda za taarabu, rekodi za redio na singeli za flashi nyingi ziliingia mtandaoni bila msimbo huo, zikiwa zimepandishwa na shabiki aliyeandika jina la msanii alivyolisikia. Huduma inaweza kuzipendekeza, na huzipendekeza, ila fedha hazina pa kwenda au huenda kwa aliyepandisha.

Miksi za madija zina ugumu wake. Miksi moja ya saa nzima hubeba nyimbo makumi, zikiwa zimekatwa, kuchanganywa na kuzungumziwa juu, na mashine ya utambuzi hunasa baadhi na kuzipita nyingine. Kwa sababu hiyo YouTube huzifungia miksi nyingi au hupeleka mapato yote kwa wenye haki waliotambuliwa, naye dija asipate kitu. Mdundo ilizichukua miksi kwa mkataba na kuziuza kupitia kampuni za simu, msikilizaji akilipa kwa siku au kwa wiki kutoka kwenye salio lake, na dija akatambuliwa kuwa mtu mwenye kazi katika mnyororo huo. Watafsiri wengi wa filamu bado hawajapata mkataba wa aina hiyo.